Kipi Muhimu Kuliko Vyote: Jua, Hewa, Maji au Udongo?

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi ametuandikia hivi: "Nimewafundisha wanafunzi wangu kwamba viumbe hai, pamoja na binadamu, hutegemea mwanga wa jua, hewa, maji na udongo. Somo lilipokwisha, mtoto mmoja aliniuliza maswali mawili ambayo sikuyajibu kwa namna iliyoniridhisha mimi mwenyewe. La kwanza, kati ya hivyo vinne, kipi ni muhimu kuliko vyote? La pili, hewa ipo kila mahali na hakuna anayeinunua, sasa kwa nini tunaiita rasilimali? Naomba msaada wenu."

Mwalimu, asante kwa barua yako, na umfikishie mtoto huyo shukrani zangu, kwa maana maswali yake yamegusa mahali ambapo vitabu vingi vya shule hupita mbio. Orodha ya vitu vinne ni sahihi. Udhaifu wake ni kwamba inavionyesha vitu hivyo kama magunia manne yaliyopangwa ghalani, kila moja likisubiri zamu yake, ilhali katika maisha ya mmea, ya mnyama au ya mtu hakuna hata kimoja kinachofanya kazi bila vingine, na uzito wa kila kimoja hubadilika kulingana na mahali na wakati.

Ndiyo maana jibu langu kwa swali la kwanza ni hili: kilicho muhimu kuliko vyote ni kile kilichopungua, pale kilipopungua. Wataalamu wa kilimo waliitambua kanuni hii katika karne ya 19. Mjerumani Carl Sprengel aliieleza mwaka 1828, na Mjerumani mwenzake Justus von Liebig akaieneza kuanzia 1840 kwa bidii kiasi kwamba mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Inasema kwamba ukuaji wa mmea hautawaliwi na jumla ya virutubisho vilivyopo, bali hutawaliwa na kile kimoja kilicho haba zaidi ukikilinganisha na mahitaji ya mmea. Baadaye kanuni hiyo ilizoeleka kuchorwa kama pipa lenye mbao zisizolingana urefu. Ukimimina maji, yatapanda mpaka kwenye ncha ya ubao mfupi kuliko wote na kuanza kumwagika, na hata mbao nyingine zote ukizirefusha maradufu, pipa halitabeba tone moja zaidi.

Kanuni hii inaonekana kwa macho kwenye majani. Mmea wa nafaka unapokosa naitrojeni, majani ya chini, yaani yale ya zamani, ndiyo huanza kuwa manjano, na umanjano huo huingia kutoka kwenye ncha ya jani ukifuata mshipa wa kati, huku majani ya juu yakiwa bado ya kijani. Kinachotokea ni kwamba mmea unavunja protini za majani yake ya zamani na kuisafirisha naitrojeni iliyomo ili ilishe majani machanga. Mmea unaokosa madini ya chuma huonyesha kinyume chake: majani machanga ndiyo yanayopauka, mishipa ikibaki ya kijani, kwa sababu chuma kikishatumika katika jani la zamani hakihamishiki kwa urahisi. Mvua inaweza kuwa imenyesha vizuri, jua likawaka kila siku na udongo ukawa na kina cha kutosha, lakini mmea bado ukadumaa kwa sababu ya kitu kimoja kinachohitajika kwa kiasi kidogo sana.

Ukitoka shambani, utaukuta ubao mfupi ukibadilika kila uendapo. Jangwani ni maji. Chini ya msitu mnene, ambako maji yamejaa, ni mwanga, na miche ya miti inaweza kukaa miaka mingi ikiwa na urefu uleule mpaka siku mti mkubwa utakapoanguka na kuacha tundu la anga juu yao, hapo ndipo inapoanza kukimbizana kwenda juu. Katika bahari inayoizunguka Antarctica, ambako maji hayana mwisho na virutubisho vikuu kama naitrojeni na fosforasi vipo tele, wanasayansi walishangaa kwa muda mrefu kuona mwani mdogo wa baharini ukiwa haba kuliko ilivyotarajiwa. Mtafiti wa Kimarekani John Martin alidai mwishoni mwa miaka ya 1980 kwamba kinachokosekana ni chuma, kwa sababu eneo hilo liko mbali na nchi kavu ambako vumbi lenye chuma hutoka. Alifariki mwaka 1993, na miezi michache baadaye wenzake walimwaga chuma kidogo katika eneo jingine la bahari lenye hali kama hiyo, karibu na visiwa vya Galápagos. Mwani ukaongezeka.

Kwa hiyo mtoto akikuuliza kipi ni muhimu kuliko vyote, mrudishie swali: wapi, na kwa kiumbe gani?

Sasa nije kwenye hewa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote vinne. Katika karne ya 17 daktari Jan Baptist van Helmont, aliyeishi katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, alikausha udongo katika tanuri, akaupima ukawa ratili 200, yaani kilo 90 hivi, akautia katika chungu na kupanda mche wa mti uitwao willow wenye uzito wa ratili 5. Alichokifanya kwa miaka mitano ni kuumwagilia maji tu, na chungu alikifunika ili vumbi lisiingie. Mwishoni mti ulikuwa na ratili 169, karibu kilo 77, bila hata kuhesabu majani yaliyopukutika katika misimu minne. Udongo alipoukausha na kuupima tena, ulikuwa umepungua aunsi mbili, uzito ambao haufiki hata gramu 60. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1648, baada ya yeye kufariki, na hitimisho lake lilikuwa kwamba mti mzima umetengenezwa kwa maji.

Nusu ya hitimisho hilo ilikuwa sahihi, kwa maana aliuondolea udongo sifa ya kuwa ndio unaojenga mwili wa mti. Hakuifikiria hewa, na jambo hili hunigusa kila ninapolisimulia, kwa sababu neno "gesi" ni yeye aliyelibuni, na miongoni mwa gesi alizozieleza ni ile inayotoka makaa yanapoungua, ambayo sisi twaiita hewa ya ukaa. Gesi hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikiingia katika majani ya mti wake kupitia vitundu visivyoonekana kwa macho na kugeuzwa kuwa sukari, kisha kuwa mbao. Karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni, na kaboni hiyo yote ilikuwa hewani. Wanafunzi wako wanapoegemea madawati ya mbao, wanaegemea hewa iliyogandishwa na jua.

Gesi hiyo si nyingi hata kidogo. Hewa kavu tunayovuta ina takriban asilimia 78 ya naitrojeni na asilimia 21 ya oksijeni, ilhali hewa ya ukaa haifiki hata asilimia moja: katika kila chembe 10,000 za hewa, nne tu ndizo za hewa ya ukaa. Ili kuzinasa chembe hizo chache, jani hulazimika kufungua vitundu vyake, na vikiwa wazi maji hutoroka kama mvuke, chembe mamia kwa kila chembe moja ya hewa ya ukaa inayoingia. Hapa ndipo unapoiona hewa na maji vikishikana. Mmea hauwezi kula bila kutokwa na maji, na unapokosa maji hufunga vitundu hivyo, ukakaa na njaa katikati ya jua kali. Watu wengi hufikiri kwamba mmea ulio katika ukame hufa kwa kiu peke yake, lakini mara nyingi njaa huwa imeanza siku nyingi kabla.

Kuhusu kuiita hewa rasilimali, jaribio la Mwingereza Joseph Priestley linajibu vizuri kuliko maneno. Tarehe 17 Agosti 1771 aliweka kitawi cha mnanaa ndani ya chombo kilichofungwa, katika hewa ambayo mshumaa ulikuwa umewaka humo mpaka ukazimika wenyewe. Siku kumi baadaye aliingiza mshumaa mwingine, nao ukawaka bila shida. Miaka minane baadaye, 1779, Mholanzi Jan Ingenhousz alionyesha kwamba mimea huisafisha hewa namna hiyo ikiwa kwenye mwanga tu, na ni kwa sehemu zake za kijani tu. Mshumaa ndani ya chombo hutufundisha kwamba hewa inaweza kuisha, na mnanaa hutufundisha kwamba kuna anayeirudisha.

Rasilimali, kwa lugha ya ikolojia, ni kitu ambacho kiumbe hukichukua na kukitumia, kiasi kwamba kilichotumiwa na mmoja hakipatikani kwa mwingine wakati huohuo. Bei haimo katika maana hiyo. Kiswahili kina neno moja, "bure", kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kisicho na faida, na nadhani mchanganyiko huo umetuponza kidogo tunapoifikiria hewa. Hakuna anayeilipia kwa sababu kuna viumbe wasiohesabika, wa nchi kavu na wa baharini, wanaoitengeneza upya kila jua linapochomoza.

Hapa ningependa uongeze kitu kimoja ambacho hakimo katika orodha yako, nacho ni tofauti kati ya rasilimali na hali ya mazingira. Joto, uchachu wa udongo, chumvi ndani ya maji na kasi ya upepo ni hali. Kiumbe hakizili wala hakizimalizi. Mti ukikaa katika nyuzi 25 za joto haumpunguzii jirani yake joto kwa namna ambayo ungempunguzia maji. Hata hivyo hali ndiyo inayoamua kama rasilimali iliyopo itafikika. Antarctica ina zaidi ya nusu ya maji yote yasiyo ya chumvi duniani, lakini ni jangwa, kwa sababu maji hayo yamekuwa mwamba na hakuna mzizi unaoweza kuyanywa. Udongo wenye uchachu mkali unaweza kuwa na fosforasi ya kutosha, lakini ndani yake fosforasi hiyo hushikwa na chuma na aluminiamu mpaka mizizi isiweze kuipata, na aluminiamu yenyewe ikayeyuka na kuiumiza mizizi. Mkulima anayetia chokaa katika udongo wa aina hiyo anabadilisha hali tu, na rasilimali iliyokuwa imefungiwa ikaachiliwa. Naliona jambo hili likisahauliwa mara nyingi, hata na watu waliosoma: mbolea humwagwa juu ya udongo ambao mlango wake umefungwa.

Sayari nzima iko chini ya kanuni hiyohiyo. Kama angani pasingekuwa na mvuke wa maji, hewa ya ukaa na gesi nyingine zinazozuia joto, wastani wa joto duniani ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri badala ya nyuzi 15 juu yake, na maji yote tunayoyategemea yangekuwa barafu. Jua lingekuwa lilelile. Na maji yana tabia moja ya ajabu ambayo viumbe wa maziwa ya nchi za baridi hawangeishi bila hiyo: huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4 hivi, na yakiganda huwa mepesi yakaelea. Kwa sababu hiyo ziwa huganda kutoka juu, barafu ikawa blanketi, na samaki wakaendelea kuishi chini yake katika maji ambayo hayajaganda.

Nirudi kwenye naitrojeni, kwa kuwa ndiyo mfano mzuri kuliko yote wa njaa katikati ya shibe. Tumeona kwamba asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni. Kila protini katika mwili wa mmea, mnyama na mtu inahitaji naitrojeni, na bado hakuna mmea wala mnyama anayeweza kuichukua moja kwa moja kutoka hewani, kwa maana atomi zake zimeshikana mbilimbili kwa kifungo cha mara tatu ambacho ni kigumu mno kukivunja. Wanaoweza kukivunja ni baadhi ya bakteria. Mwaka 1886 Mjerumani Hermann Hellriegel alitangaza kwamba mimea ya jamii ya kunde huipata naitrojeni ya hewani kwa msaada wa vijidudu waliomo katika vinundu vya mizizi yake, na mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akafaulu kuwatenga bakteria hao na kuwaotesha peke yao. Mkataba wao na mmea ni wa haki: mmea hutoa sukari na makazi, bakteria hutoa naitrojeni iliyo tayari kutumika.

Binadamu alijifunza kufanya kazi hiyo mwaka 1909, mwanakemia Mjerumani Fritz Haber alipoonyesha maabarani kwamba naitrojeni na haidrojeni zinaweza kuunganishwa kuwa amonia, kisha Carl Bosch akakikuza kipimo hicho kidogo cha maabara kikawa kiwanda, kilichoanza kazi huko Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Kiwanda cha namna hiyo huhitaji joto la nyuzi 400 na zaidi na mgandamizo mara 200 hivi ya ule wa hewa ya kawaida. Bakteria hufanya kazi hiyohiyo gizani, katika udongo wenye joto la kawaida, ndani ya kinundu kinacholingana na punje ya mtama. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya watu wote walio hai leo wanalishwa kwa mazao yaliyoota kwa naitrojeni ya viwandani, na mimi siwezi kuibeza mbolea hiyo nikijua idadi ya watu ambao wasingekuwepo bila hiyo.

Lakini ubao uliokuwa mfupi ukirefushwa kupita kiasi, taabu huhamia mahali pengine. Naitrojeni inayozidi mahitaji ya mashamba yaliyo katika bonde la mto Mississippi huteremka na mto mpaka Ghuba ya Mexico, ikaotesha mwani mwingi, na mwani ukifa huzama na kuozeshwa na bakteria wanaotumia oksijeni yote ya maji ya chini. Kila kiangazi hutokea huko eneo la maelfu ya kilomita za mraba ambamo samaki hukimbia na wasioweza kukimbia hufa. Kirutubisho ni kilekile. Shambani kilikuwa chakula, na baharini, ambako hakikuwa kimepungua, kimegeuka kuwa kifo.

Kuna upande mmoja zaidi ambao ningependa usiache kuwaeleza watoto, nao ni kwamba viumbe hai hawapokei mazingira tu, wanayatengeneza. Kwa karibu nusu ya kwanza ya umri wa dunia, hewa haikuwa na oksijeni huru. Iliyopo leo ilianza kujikusanya kiasi cha miaka bilioni 2.4 iliyopita, kutokana na bakteria wadogo wa kijani-buluu waliokuwa wakitumia mwanga wa jua kuvunja maji. Oksijeni yao ilikutana kwanza na chuma kilichokuwa kimeyeyuka baharini, ikakifanya kiwe kutu, kutu ikazama, na sehemu kubwa ya miamba ya chuma inayochimbwa leo kwa ajili ya reli, madaraja na misumari ni mashapo ya enzi hizo. Oksijeni iliyofika juu angani ikafanya tabaka la ozoni, linalopunguza miali mikali ya jua, na bila kivuli hicho maisha ya nchi kavu yangekuwa magumu mno. Huwa nakaa kimya kidogo ninapofikiria kwamba msumari na pumzi vina asili moja.

Mtoto mwerevu atakuuliza kama kuna kiumbe kisichohitaji jua. Mwaka 1977 wanasayansi walioshuka mita 2,500 hivi chini ya bahari karibu na Galápagos walikuta chemchemi za maji ya moto zikiwa zimezungukwa na kundi kubwa la viumbe, katika giza tupu, na baadaye ilibainika kwamba bakteria wa hapo hujipatia nguvu kutoka katika kemikali za salfa zinazotoka ardhini. Minyoo wakubwa waishio hapo hawana hata kinywa. Hulishwa na bakteria walio ndani ya miili yao. Hata hivyo oksijeni wanayoitumia kuunguza salfa hiyo imeshuka kutoka juu, kwenye maji yanayopigwa na jua.

Udongo nao ni kazi ya viumbe. Mwamba uliosagika peke yake ni vumbi na mchanga. Unakuwa udongo pale mizizi, kuvu, bakteria na minyoo wanapouingiza mabaki ya majani, wakayageuza kuwa mboji, na kuzifunga chembe pamoja katika vidonge vidogo vyenye nafasi za kupitisha maji na hewa. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1881 kuhusu minyoo, alikadiria kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza zaidi ya tani 10 za udongo hupita matumboni mwa minyoo kwa mwaka katika kila ekari moja. Tabaka la juu la sentimeta mbili au tatu laweza kuchukua miaka mia kadhaa kujengeka, na laweza kuondoka kwa msimu mmoja. Katika miaka ya 1930, wakulima wa nyanda za kati za Marekani walikuwa wamelima na kung'oa nyasi zilizoushika udongo, ukame ukaja, na upepo ukaubeba udongo huo katika mawingu meusi. Mvua ilirudi baadaye. Udongo ulioondoka haukurudi.

Vumbi, hata hivyo, halina maana moja, na mfano huu ndio ninaoupenda kuliko yote. Msitu wa Amazon umesimama juu ya udongo ambao kwa sehemu kubwa ni maskini wa fosforasi, kwa sababu mvua za maelfu ya miaka zimeisafisha, na utajiri wa msitu umo ndani ya miti yenyewe na katika majani yanayoanguka, kuoza na kunyonywa tena kabla hayajazama. Kidogo huponyoka kila mwaka kwenda mtoni. Nani anakirudisha? Utafiti uliotumia vipimo vya setilaiti na kuchapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba vumbi la Sahara huvuka Atlantiki na kuuletea msitu huo tani 22,000 hivi za fosforasi kwa mwaka, kiasi kinachokaribiana na kile kinachosombwa na maji. Sehemu ya vumbi hilo inadhaniwa kutoka katika bonde la Bodélé nchini Chad, ambalo zamani lilikuwa sehemu ya ziwa kubwa, na limejaa maganda ya viumbe wadogo waliokufa ziwa lilipokauka. Msitu wenye mvua nyingi unalishwa na mahali pakavu kabisa, na walio hai wanalishwa na ziwa lililokufa.

Kwa binadamu mambo haya hayana utaratibu tofauti, ila tuna uwezo wa kuchukua kutoka mbali na kuchelewa kuiona hasara. Bahari ya Aral, ziwa kubwa lililopo kati ya Kazakhstan na Uzbekistan, lilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 68,000 hivi mwaka 1960. Kuanzia miaka hiyo maji ya mito Amu Darya na Syr Darya yalielekezwa mashambani, hasa ya pamba. Pamba ilistawi. Ziwa lilipungua mpaka, kufikia mwaka 2007, eneo lililobaki lilikuwa moja ya kumi ya lile la mwanzo, chumvi ikazidi, samaki wakafa, meli za wavuvi zikabaki zimelala kwenye mchanga, na upepo ukaanza kupeperusha vumbi la chumvi lililochanganyika na dawa za mashambani juu ya makazi ya watu. Ukitazama kwa makini utaona kwamba rasilimali moja, maji, ilipoondolewa, kilichoharibika zaidi ni hali: uchumvi wa maji, usafi wa hewa, hata joto la kiangazi na baridi ya kipupwe, ambavyo ziwa lilikuwa likivituliza. Mwaka 2005 bwawa la Kok-Aral lilikamilika upande wa kaskazini, likazuia maji ya Syr Darya yasipotelee kusini, na katika sehemu hiyo ndogo kina kilipanda, chumvi ikapungua na samaki wakarudi. Sehemu ya kusini haikupata bahati hiyo.

Kwa darasa lako, nashauri jaribio hili badala ya orodha. Tafuta udongo kutoka mahali palipowahi kupandwa mimea ya jamii ya kunde, ili bakteria wawemo, uutie katika makopo mawili yaliyotobolewa chini, na upande mbegu za kunde au maharage katika yote mawili. Yapewe maji sawa na jua sawa. Kopo moja litiwe mbolea ya naitrojeni kidogo kidogo kila wiki, jingine lisitiwe chochote. Mimea ikianza kutoa maua, msiing'oe kwa kuvuta, kwa maana vinundu hukatika kirahisi na kubaki ardhini. Lowesheni kopo zima ndani ya ndoo ya maji mpaka udongo ulegee, kisha mwoshe mizizi taratibu kwa vidole. Wewe mwenyewe ukate kinundu kimoja kwa wembe. Kikiwa na rangi ya waridi ndani, bakteria wako kazini, na rangi hiyo inatokana na protini ambayo ni ndugu wa ile inayoifanya damu yetu kuwa nyekundu, iliyowekwa hapo na mmea ili kudhibiti oksijeni.

Kwa kawaida mtaona kwamba mmea uliopewa naitrojeni umeota vinundu vichache, pengine hauna kabisa, ilhali ule ulionyimwa umejaa navyo, kwa sababu mmea hautumii sukari yake kuwalisha bakteria kwa ajili ya kitu ambacho tayari unacho mizizini. Vihesabuni, mviandike ubaoni, vya kopo hili upande huu na vya kopo lile upande ule, kisha umwombe yule mtoto asome swali lake la kwanza tena mbele ya wenzake.